Karatasi Isiyo na Bahasha

Habari za kifo cha Bi Rukia zilinifikia kwenye kundi la simu, katikati ya picha ya keki ya mtu na tangazo la kuku wa kienyeji wanaouzwa, na kabla sijamaliza kuisoma watu walikuwa wameshaweka vile vikatuni vya kulia, wakaondoka, wakarudi kwenye kuku. Nilikasirika jamani. Mwanamke aliyekuwa redio ya mji wa Voi kabla Voi haijawa na redio yake, hata kufa kwake kutangazwe kimya kimya, bila sauti? Lakini nikiwa mkweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa machozi. Nilijisemea, masikini Bi Rukia, amekufa hajajua. Maana tangu mwaka ule wa kompyuta mpaka mara ya mwisho nilipomtembelea, akiwa kitandani na bado anamgombeza muuguzi, wimbo wake ulikuwa mmoja: “Wakesho, wallahi nitakufa sijajua Mwalimu Mghoi aliandika nini.”

Wanangu hunicheka kwa sababu kamera ya simu yangu nimeibandika plasta. Simu ikiniuliza kama inaruhusiwa kujua niko wapi, nakataa. Ikiuliza kama inaruhusiwa kusikiliza, naizima kabisa na kuigeuza kifudifudi mezani. “Mama,” wananiambia, “nani ana haja ya kujua kwamba uko soko la Voi unanunua nyanya?” Nawaambia ninyi hamkumjua Bi Rukia. Siku hizi naisikia kwenye habari mijadala ya wataalamu, kampuni fulani imesoma ujumbe wa watu, kampuni nyingine imeuza siri za watu, na wataalamu wamekunja nyuso kana kwamba jambo hilo limeanza jana. Mimi nilifanya kazi mahali ambapo ujumbe wa watu ulisomwa kwa sauti, asubuhi na alasiri, mbele ya benchi lililojaa, tena na chai.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya elfu mbili. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka Werugha, kule mlimani, na cheti cha kupiga chapa, na Bi Rukia akaniajiri kwenye ofisi yake, chumba kimoja kando ya barabara ya stesheni, chenye mashine ya fotokopi, simu, na kompyuta iliyoletwa kutoka Mombasa ikiwa imefungwa blanketi mbili. Voi unaijua joto lake, na lile vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sukari. Feni ilikuwa moja, na ilielekezwa kwenye kompyuta. Sisi binadamu tukatoka jasho. Bi Rukia aliishonea kompyuta kitambaa cha maua cha kuifunika, na Ijumaa aliifukizia udi, akisema kitu cha ghali hakikosi hasidi. Ilikuwa marufuku kula karibu nayo, isipokuwa yeye, aliyekula mahamri na mbaazi akiwa ameegemea kibodi, na mpaka leo naamini ile herufi iliyokuwa ikikwama ilikwama kwa tui la nazi.

Barua pepe tuliita imeli. Ofisi ilikuwa na anwani moja tu, na hiyo ndiyo ilikuwa anwani ya mji mzima. Ukiwa na mtoto Uingereza au mume Uarabuni, unampa anwani ya Bi Rukia, naye juu ya ujumbe anaandika jina lako. Mimi nilipiga simu ya Mombasa kwa kutumia mashine ndogo iliyopiga makelele mpaka watu wakasimama mlangoni kuisikiliza, kisha ujumbe ukashuka, kisha ukachapwa. Na karatasi ilipokuwa bado inatoka, mstari kwa mstari, Bi Rukia alikuwa ameshaishika ncha na anaisoma kwa sauti. Pale nje palikuwa na benchi la wateja, na benchi halikukosa watu. “Khadija, mwanao hapendi chakula cha huko! Kimanthi, kaka yako anasema usiuze lile shamba, na mimi namuunga mkono!” Nilipomwambia pole pole kwamba labda watu wangependa kusoma mambo yao wenyewe, alinitazama kwa huruma ya kweli. “Mwanangu, telegramu karani hakuisoma? Simu ya kibandani nyuma yako hapana foleni ya masikio? Habari ni kama chakula, hakiliwi peke yako ukageuka ukutani.” Hakuwa na ubaya hata chembe. Mtu akipata habari ya msiba, yeye ndiye aliyelia wa kwanza, tena kwa machozi ya haki.

Mtaalamu wetu wa mambo ya teknolojia alikuwa Mwakio, fundi wa redio wa chumba cha pili. Elimu yake aliipata kwenye magazeti ya kufungia nyama, kwa hiyo alijua mwanzo wa kila habari na hakujua mwisho wake. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba usiku wa mwaka mpya kompyuta zote duniani zitasahau mwaka, ndege zitaanguka, na umeme wa ule uzio wa mbugani utazimika, ndovu waingie mjini. “Zitarudi mwaka sifuri,” alisema, akipuliza chai. “Sifuri kabisa. Kabla ya Yesu.” Bi Rukia aliigeukia kompyuta akainyooshea kidole. “Wewe nimekununua kwa jasho langu. Thubutu usahau.”

Sasa Mwalimu Mghoi. Alikuwa mwalimu mkuu kule Werugha, mjane, mwanamke mrefu wa sweta ya kijivu ambaye alinifundisha mimi kusoma na kunichapa kwa kutosoma. Kila Jumamosi aliteremka Voi kuleta mitihani nimpigie chapa. Jumamosi moja nikamwambia kuna ujumbe wake. Ulitoka kwa Mwaluma, mtu wa Mwanda, huko huko mlimani, mwalimu wa hesabu aliyekwenda kufundisha Botswana, ambaye mkewe alikuwa amefariki. Yeye na Mwalimu walisoma pamoja chuo cha ualimu zamani. Ujumbe wa kwanza ulikuwa salamu na hali ya hewa, na benchi lilipousikia halikujali. Wa pili ulikuwa na swali kuhusu ng'ombe wa Mwalimu. Wa tatu ulisema kwamba kule Botswana mtu anaweza kukaa wiki nzima asisikie mtu akicheka vizuri, na kwamba yeye anakumbuka kicheko fulani cha chuoni. Hapo benchi likasogea mlangoni, na Mwakio akazima redio aliyokuwa akiitengeneza.

Mwalimu alinivuta nyuma ya mashine ya fotokopi. Sikuwahi kumwona akiwa na aibu, na sikujua niangalie wapi. “Wakesho,” alisema, “mimi naishi kwenye boma la marehemu mume wangu. Nina shule, nina kwaya. Sijui bado moyo wangu unataka nini kwa huyu bwana. Nataka kujua mimi kwanza. Unawajua watu wetu. Wakisikia, watanijibia. Watakaa vikao, watakubali au watakataa kwa niaba yangu, na wakishanijibia mimi sitakuwa na la kusema tena. Nisaidie hili lisitoke mpaka nimejijibu mwenyewe.” Hakuomba siri milele. Aliomba nafasi ya kufikiri, kitu ambacho kwetu mtu hupewa akiwa mgonjwa tu.

Nikapata akili. Kwenye ile kompyuta mlikuwa na aina ya maandishi ambayo hayakuwa herufi bali vipicha vidogo vidogo: mkasi, simu, mkono unaoonyesha, kengele. Ujumbe wa nne wa Mwaluma uliposhuka, nikaugeuza wote kuwa vipicha kabla ya kuuchapa, nikidhani nitampa Mwalimu ule wa herufi baadaye kwenye diski. Karatasi ikatoka. Bi Rukia akaishika ncha kama kawaida, akafungua kinywa, kinywa kikabaki wazi. “Mkasi,” alisema. “Mkasi, simu, mkono, msalaba... Wakesho! Huyu mtu wa Botswana ni mganga!” Mwakio akaitwa. Akaitazama ile karatasi juu chini, akaigeuza, akatikisa kichwa na kutangaza kwamba ile hitilafu ya mwaka elfu mbili imefika Voi mapema. Kwa nini Voi kwanza? “Kwa sababu ya reli,” alisema. Benchi lote likakimbia. Bi Rukia akachomoa kompyuta kwenye umeme, akaifunika kitambaa chake, akaisomea dua, na mimi nikakaa pale nimebana meno nisicheke, mpaka nilipoona ameanza kulia kwa kudhani mali yake imeharibika. Basi, ningefanyaje? Nikairudisha herufi mbele yake. Alinifinya sikio, kisha akaisoma barua yote kwa sauti mara mbili, ya pili kwa ajili ya wale waliokimbia.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwomba tununue bahasha, angalau karatasi zifungwe zikishachapwa. Akakataa katakata. Bahasha ni za posta, alisema, na posta ndiyo inayochelewesha barua. “Hii imepita angani ikiwa uchi ikafika salama. Hapa chini unataka kuivika nguo ya nini?” Kwa hiyo Voi yote ikawa inajua habari za Mwaluma, lakini nashukuru mlima ulikuwa haujui. Watu wa Voi walikuwa na heshima yao ya ajabu. Mwalimu akiteremka Jumamosi, benchi lote lilitazama viatu vyake na kumsalimia shikamoo kwa sauti moja, kama watoto wa darasani, na hakuna aliyemtajia neno. Aliniambia anadhani labda hawamfuatilii sana. Niliitikia.

Ndipo ikaja Jumamosi ya mvua kubwa, barabara ya mlimani ikaharibika, Mwalimu hakuteremka. Alasiri nilikwenda sokoni mara moja tu kununua ndizi. Niliporudi, nilimkuta Bi Rukia amesimama katikati ya ofisi, mikono kifuani, uso unang'aa. “Ameposa!” akaniambia. “Wakesho, yule bwana ameposa! Na maneno yake, mwanangu, matamu, nimelia mimi.” Nikamuuliza karatasi iko wapi. Akasema posa haingojei Jumamosi ijayo, kwa hiyo amempa dereva wa pikapu ya mboga, yule anayeleta kabichi kutoka Werugha, amfikishie, hata ikibidi kuvuka palipoharibika kwa miguu. Bila bahasha? Bila bahasha. Nikakaa chini kwenye sakafu, pale pale, na ndizi zangu.

Maana lazima nieleze desturi yetu, ambayo Bi Rukia, mtu wa pwani aliyezaliwa Voi, hakuijua. Kule mlimani barua zilipandishwa na magari ya mboga na kuachwa kwa Mzee Nyambu, katibu wa kanisa. Jumapili, ibada ikikaribia kwisha, Nyambu alisimama na furushi lake la karatasi. Na kanuni ilikuwa moja, hakuna aliyeiandika popote lakini hata mtoto aliijua: kilicho ndani ya bahasha ni cha mtu, jina huitwa, mwenyewe akaja kuchukua. Karatasi isiyo na bahasha ni tangazo, na tangazo husomwa.

Jumapili asubuhi nilipanda kwa gari la kwanza lililokubali kupanda, na sehemu iliyoharibika niliivuka kwa miguu, viatu mkononi. Nilifika kanisani nimelowa na matope mpaka magotini, na ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, ukakaa kwenye viti vya nyuma pamoja nami. Nyambu alikuwa ameshaanza. Kina mama wangekutana Alhamisi kufyeka makaburi. Daktari wa mifugo angekuja kuchanja ng'ombe. Katika furushi lake niliiona karatasi yetu, ile yenye matundu pembeni, ikiwa ya pili kutoka juu. Nikaanza kumpungia mkono. Nikapunga mikono miwili. Nyambu akaniona juu ya miwani yake, akatabasamu. “Naona binti yetu Wakesho amerudi kutoka Voi na ana salamu zake,” akawaambia washarika. “Subiri, mwanangu, utapewa nafasi.” Kanisa zima likageuka kunitazama kwa upendo. Mwalimu Mghoi, kule mbele na kwaya, aligeuka pia, na akaninyooshea kidole kuhusu matope.

Kisha Nyambu akasoma. Alikuwa na sauti moja tu ya kusomea, sauti ya chanjo ya ng'ombe. “Kutoka, Mwaluma. Kwa, Mwalimu Mghoi. Kuhusu, jambo la siri. Mpendwa Mghoi, natumaini u mzima. Huku baridi ni kali na nyama ni tele, lakini ya kula peke yako haina ladha. Nimechoka kuzungumza na redio. Tangu chuoni nilikuwa na neno la kukuambia, nikawa nalipanga, na kabla sijamaliza kulipanga ukaolewa. Sasa silipangi tena. Nakuomba tuoane.” Pale ndipo watu walipoanza kuelewa. Nyambu mwenyewe alikuwa bado hajaelewa, kwa sababu alipokuwa akisoma alitazama neno moja moja. “Tafadhali jambo hili libaki kati yetu wawili. Hasa hasa Nyambu asilijue, maana mdomo wake hauna mlango.” Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Nje alisikika mbuzi wa mtu. Mtu mwingine angekunja ile karatasi, lakini Nyambu aliheshimu matangazo kuliko alivyojiheshimu. “Maana mdomo wake hauna mlango,” akarudia, kwa sauti ile ile, “nisalimie ng'ombe wako, wako Mwaluma.” Na sijui ni mshtuko, sijui ni mazoea ya miaka, kwa sababu kila karatasi yenye majina ya mwanamume na mwanamke aliyowahi kusoma mahali pale ilimalizika kwa maneno yale yale, akainua kichwa na kusema: “Hili ni tangazo la kwanza. Mwenye pingamizi dhidi ya ndoa hii na asimame aseme.”

Mzee Kilele, kaka wa marehemu mume wa Mwalimu, akasimama. Akakohoa, akashika fimbo yake vizuri. “Sisi upande wa marehemu hatuna pingamizi,” alisema. “Kwa kweli tulikuwa tunashangaa anakawia nini.” Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu akaanzisha wimbo. Mchungaji akatabasamu na kuanza kupiga makofi, na mimi nikaona kwa macho yangu lile alilolikimbia Mwalimu miezi yote ile: walikuwa wanamjibia. Walikuwa wanamjibia kwa furaha, na wangemwoza kabla ya chakula cha mchana.

“Nyamazeni.” Hakupaza sauti. Kanisa likanyamaza, na mchungaji, ambaye alikuwa mwanafunzi wake darasa la tatu, akakaa chini. Mwalimu Mghoi akatoka kwenye kwaya, akatembea mpaka mbele, akageuka. “Humu ndani wengi wenu mimi ndiye niliyewafundisha kusoma. Wewe, Nyambu, nilikufundisha ukiwa na mvi, darasa la ngumbaru, kwa taa ya chemni, nikakushika mkono kwenye kila herufi. Leo najuta.” Nyambu akainamisha kichwa. “Hili swali nimeulizwa mimi. Ninyi hamjaulizwa.” Akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kitabu chake cha nyimbo, akarudi mahali pake. “Ibada iendelee.” Na Nyambu, maskini ya Mungu, akachukua karatasi iliyofuata, akasoma kwamba kiatu cha mtoto kimeokotwa njia ya sokoni, cha kushoto.

Mchana alinipeleka nyumbani kwake nioshe miguu. Nalikumbuka jiko lile kuliko ninavyokumbuka nyumba nyingi nilizoishi: mawe matatu, moshi, sufuria ya kimanga cha muhogo na maharage, mabirika yaliyong'arishwa yamepangwa kwa ukubwa. Alinipakulia, akaniambia kula. Yeye hakula. Baadaye akasema, akiutazama moto, “Sasa nikisema ndiyo, watasema wamenioza wao. Nikisema hapana, nitakuwa nimejinyima mtu kwa sababu yao. Unaona walivyonifanya?” Nikasema naona. Akasema, “Na kiatu chako kimoja kimefunguka soli,” akakichukua, akakishona pale pale kwa sindano ya magunia, kwa hasira.

Jumatatu, siku ya shule, siku ambayo hajawahi kuonekana Voi, Mwalimu Mghoi aliingia ofisini. Benchi lilikuwa limejaa, na habari za kanisani zilikuwa zimeshafika, sikuzileta mimi, ziliteremka na kabichi. Bi Rukia alisimama nyuma ya meza. Mwalimu aliniambia nimwonyeshe jinsi ya kuandika, jinsi ya kutuma, na jinsi ya kufuta. Hilo la kufuta akataka nimwonyeshe mara mbili. Kisha akasema, “Sasa tokeni.” Watu wakatoka. “Na wewe, Wakesho.” Nikatoka. Akamgeukia Bi Rukia, mwenye ofisi, mwenye mashine, mwenye umeme. Bi Rukia akafungua kinywa, akakifunga, akachukua mtandio wake, akatoka akaketi mwisho wa benchi juani, na mlango ukafungwa kwa ndani.

Sisi nje tulisikia vidole viwili vikigonga. Tak. Tak. Kimya. Tak. Mwakio akasema, kwa kunong'ona, kwamba kitaalamu neno ndiyo ni fupi, kwa hiyo hii ni hapana. Kimanthi akasema mwalimu hawezi kuandika kitu kifupi, hata ndiyo lazima iwe na utangulizi. Jua likapanda, benchi likawaka moto, hakuna aliyeondoka. Bi Rukia hakubishana na mtu. Mashine ikapiga yale makelele yake ya kuita Mombasa, ikanyamaza, na Mwalimu akatoka, akafunga kifungo cha sweta katika joto lile, akatuaga kwa adabu na kwenda zake. Tukaingia mbio. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amefuta, na alikuwa amefuta mahali pa vilivyofutwa, na karatasi ya kuchapia hakuigusa. Ndiyo barua pekee iliyowahi kutoka ofisi ile bila mtu kuijua.

Wiki ile bahasha zikanunuliwa. Na Alhamisi Bi Rukia alifunga ofisi, akapanda Werugha yeye mwenyewe, mtu ambaye tangu azaliwe alikuwa akiutazama mlima kutoka Voi tu, akarudi na mafua na kabichi mbili. Nilipomuuliza, alisema, “Nimekwenda kutaka radhi. Basi.” Mwezi wa kumi na mbili Mwaluma akaja. Mwaka uliofuata wakaoana, hapo Voi, kwenye kanisa la watu wasiowajua, ambako matangazo yote matatu yalisomwa na hakuna aliyegeuza shingo. Kompyuta haikusahau mwaka, ndovu hawakuja, na Mwakio akasema ni kwa sababu tuliizima mapema. Kwa hiyo kila mtu alijua jibu lilikuwa ndiyo. Lakini ndiyo haichukui asubuhi nzima. Aliandika nini pale? Aliweka masharti gani, alisema maneno gani? Mlimani walikufa kwa hamu na Voi wakafa zaidi, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Bi Rukia. Miaka na miaka, kila mgeni kutoka Werugha alishikwa mkono pale mlangoni: “Hebu niambie, Mwalimu aliandika nini? Mimi nasema alimtukana kwanza. Wallahi nitakufa sijajua!” Watu wakacheka, wakabishana naye, ikawa mchezo wa mji, na wote walikwenda kubishania kwake.

Matangani kwa Bi Rukia nilimkuta Mwalimu Mghoi ameketi mkekani pamoja na kina mama, na bakora, sweta ya kijivu nyingine. Mwaluma alikuwa nje na wanaume. Nikamshika mkono, nikamwamkia, tukakaa. Nikamwambia lile nililolibeba tangu niipate habari, kwamba naumia Bi Rukia amekufa hajajua. Mwalimu akanigeukia taratibu.

“Hajajua nini? Rukia alijua. Nilimwambia Alhamisi ile ile, jikoni kwangu. Alikuja analia, ameniletea bahasha tupu, moja, ameishika kwa mikono miwili. Nikamwambia neno kwa neno.”

“Miaka yote hii alijua?”

“Alijua. Akaniambia, Mwalimu, wewe nyamaza, mimi nitapiga kelele. Watu wakiniona mimi nauliza kila siku, watakuja kuniuliza mimi, hawatakusumbua wewe. Na kweli, Wakesho, mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.”

Hapo ndipo nililia. Nilimlilia Bi Rukia kwa sauti, kama yeye alivyowalilia watu, mpaka kina mama wakanishika mabega na mmoja akaniletea kikombe cha kahawa. Nilipotulia nikajifuta uso, nikasogea karibu na sikio la Mwalimu. Nikamwambia basi mimi nimebaki peke yangu, niliyeificha barua yake kwa mikasi na kengele, niliyevuka matope. Na mimi aniambie.

Alinitazama vile vile alivyonitazama siku ya matope.

“Wewe nasikia unaandika kitabu,” akasema. “Kunywa kahawa yako.”